Menyu Iliyoanza na Baba

Rahaleo, Mtwara
12 Februari 2023

Mpendwa Mjomba Pedro,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Wewe na mkaza mjomba hamjambo? Mguu umeanza kukanyaga vizuri, au bado unamdanganya kila anayeuliza? Mimi niko salama, ila joto la huku Rahaleo halina adabu.

Nakuandikia barua kwa sababu kila nikikupigia unasema simu imeshika mtandao wa Msumbiji na salio limeliwa. Amiri wa pikapu atakufikishia hii pamoja na mfuko wa sukari. Sukari ni ya mkaza mjomba, usijifanye hukuelewa.

Mjomba, nimepata ile kazi! Ni shirika linalowatafutia watu ndugu zao waliopotezana katika vurugu za ng'ambo ya mto, Msumbiji. Kambi za kule Cabo Delgado zinatuletea majina. Mtu akija ofisini kwetu akasema namtafuta fulani, tunamwangalizia. Mimi ndiye ninayetengeneza hicho cha kuangalizia. Tunakiita daftari, lakini kimo ndani ya kompyuta: naandika amri, na chini ya amri jibu linatokea palepale. Sasa wenzangu wa kaunta hawajui kuandika amri, kwa hiyo nawatengenezea menyu. Unabofya ya kwanza, inashuka orodha ya wilaya. Ukichagua wilaya, ya pili inafunguka na kambi za wilaya hiyo tu. Ukichagua kambi, ya tatu inakupa majina ya akina baba. Ukichagua baba, ya nne inakupa watoto wake. Menyu ndani ya menyu. Bosi wetu, Bwana Gideoni, ndiye aliyetaka ngazi hizi ili mtu wa kaunta asione majina ya kambi nzima kwa mkupuo. Wengine mle wamekimbia watu wabaya.

Unajua nimeifuata kazi hii kwa ajili ya nani. Tangu mama akimbie kijiji cha mume wake huko ng'ambo hatujapata hata salamu. Nitamtafuta, Mjomba, na nitampata. Niandikie jina la babu, baba yenu wewe na mama, lilivyo kamili. Bila hilo menyu ya tatu hainifai kitu.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
1 Machi 2023

Mama,

Marahaba, na milele amina. Huku tuko hai. Mguu unakanyaga. Sukari imefika na mke wangu ameificha mahali ambapo hata wewe na kompyuta yako hamwezi kuipata. Nakuita mama kama kawaida, kwa sababu jina la mama yangu ulilobeba halinipi ruhusa ya kukuita vingine.

Habari ya kazi nimeitangaza hadi kanisani. Katekista Mathayo ameuliza kama hiyo menyu inatafuta na mbuzi.

Unaniuliza jina la baba yetu. Nimecheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuja kuniangalia. Mama, tangu lini mtu wa kwetu akaulizwa baba? Baba ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mkewe. Mtu anaulizwa mama yako nani, mjomba wako nani, basi, kashajulikana. Lakini najua ofisi zina mambo yake. Aliitwa Andrea. Alifariki mama yako Telma akiwa bado wa mgongoni, kwa hiyo hata sura yake haijui. Andika hivyo hivyo, Andrea.

Sasa jambo lenyewe. Watu hapa wananisumbua. Wanasema mtu aliyepotea miaka mitatu bila neno, kaka yake anapaswa kusimama na kuamua. Mimi ndiye kaka. Nikisema Telma aliliwe, ataliliwa. Nisiposema, anaendelea kuning'inia, si wa kusubiriwa wala si wa kuombewa. Shamba lake la mpunga kule bondeni limeota magugu kwa sababu hakuna anayethubutu kulima shamba la mtu ambaye huenda akarudi. Padre naye hasomi misa ya wafu kwa kubahatisha.

Nimewaambia wasubiri, Ilda anatafuta. Nitafuata neno lako. Ukisema yupo, nitangoja hadi meno yaishe. Ukisema hayupo, nitawaambia walie.

Mjomba wako,
Pedro

*

Rahaleo
26 Machi 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo wote? Mimi sijambo, nimekonda kidogo lakini ni kwa furaha.

Menyu zimefanya kazi! Wiki nzima zilinitoa jasho. Kila ukichagua kambi kadhaa, menyu ya tatu inagoma na kumwaga maandishi mekundu ukurasa mzima. Nikakagua, nikaona tatizo: kwenye jedwali tulilotumiwa kuna mistari ambayo sehemu ya jina la baba imeachwa wazi. Menyu haijui ikiweke wapi kitu kisicho na jina. Nikasema hawa waandishi wa kambini walikuwa na haraka. Nikaongeza amri moja fupi juu kabisa, kwamba mstari wowote ambao baba hajaandikwa uondolewe kabla ya kuanza. Zikafunguka kama zimepakwa mafuta. Doris, mwenzangu wa kaunta, alinipigia makofi. Huyu ni Mhaya, baba yake alihamishiwa bandarini hapa zamani, na ndiye anayenifundisha kupika ndizi.

Na wewe na habari zako za baba mgeni! Nimemsimulia Doris, akacheka sana. Mjomba, kompyuta haikai na wazee kuulizia ukoo. Fomu zote za nchi hii zinaanza na baba, na mimi nimeanza na baba.

Nimeshapita kambi za wilaya mbili nikifungua kila Andrea. Bado. Majina mapya yanaletwa kila mwezi, kwa hiyo usianze kunikatia tamaa. Jana nilimpata Andrea mwenye binti anayeitwa Telma, nikamwita Doris aje aone, kumbe ni mtoto wa miaka minne.

Waambie hao wanaokusumbua wanyamaze kidogo.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
4 Juni 2023

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, nawe natumaini ndizi za Kihaya zimekurudishia mwili.

Barua hii fupi. Nimewanyamazisha hadi sauti imenikauka. Kila Jumapili baada ya misa wananiangalia. Dada yetu mdogo, yule wa baba mwingine, analia kila akisikia jina la Telma, kisha anakasirika kwamba hana ruhusa ya kulia vizuri. Na mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, nimechoka. Nikisikia hatua za mtu uani natega sikio. Huu mwaka wa tatu natega sikio.

Niambie ulipofikia. Sitaki unifurahishe, niambie tu.

Mjomba wako,
Pedro

*

Rahaleo
25 Juni 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Nimeianza mara nyingi na kuichana.

Nimefungua kila wilaya na kila kambi. Akina Andrea wote nimewamaliza. Kisha nikafanya jambo ambalo Bwana Gideoni hapendi: nikapita nyuma ya menyu, nikatafuta neno Telma kwenye jedwali lote, popote lilipo. Wapo akina Telma kadhaa. Mmoja nilimpigia msimamizi wa kambi yake nikamwomba amwulize kama ana kovu kwenye kiwiko kama la mama. Hana. Hakuna wa kwetu.

Bwana Gideoni anasema kambi zote zimeshaleta majina, na kinachobaki ni marekebisho madogo madogo.

Mjomba, hayupo. Siandiki kwamba amefariki, hilo sijui. Naandika kwamba nimemtafuta kila mahali ninapoweza kutafuta, na hayupo. Umeniambia utafuata neno langu, na siwezi kukuacha unatega sikio mwaka wa nne kwa sababu mimi naogopa kuandika sentensi moja.

Nisamehe kwamba nilikuahidi nitampata.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
30 Julai 2023

Mama,

Pole, na pole kwangu pia. Afya iko, tunashukuru.

Nimewaambia walie. Padre ameniuliza una uhakika gani, nikamwambia mpwa wangu ameangalia kambi zote kwa kompyuta. Akainamisha kichwa, akaandika tarehe. Misa ya kumwombea itakuwa Jumamosi tarehe 19 Agosti, na matanga hapa nyumbani. Omba ruhusa kazini mapema. Kanga za mama yako alizoziacha kwangu zimo sandukuni, zitagawiwa siku hiyo, na utakayoichagua wewe hakuna wa kukupinga.

Usijilaumu. Umenipa jibu. Watu wengi wanakufa bila kupata jibu.

Mjomba wako,
Pedro

*

Rahaleo
3 Septemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama, basi liliharibika njiani lakini tulifika. Mmebaki vipi baada ya wageni kuondoka? Mkaza mjomba apumzike sasa, alipika kama anawalisha wanajeshi.

Nimeshindwa kukuambia hili uso kwa uso. Siku ya matanga sikulia. Watu walinitazama, nadhani wengine walisema moyoni kwamba mjini kumenifanya jiwe. Nilikaa pale mkekani nimeshika ile kanga ya njano na kichwani nilikuwa napita wilaya, kambi, baba, mtoto, wilaya, kambi, baba, mtoto. Nililia nilipofika kwangu, nilipoweka kanga kabatini nikaona haina harufu yake tena.

Asante kwa kumlilia vizuri. Asante kwamba ulisimama ukasema maneno yale, kwamba alikuwa anacheka hata akiwa na njaa. Mimi sikumbuki cheko lake, nilikuwa mdogo mno aliponiacha kwako. Sasa ninalo kupitia kwako.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
10 Desemba 2023

Mama,

Heri ya Krismasi inayokuja. Mimi na mke wangu hatujambo, mguu nao umekubali yaishe. Wewe je, na Doris wako?

Nakuandikia kukupa habari njema. Shamba la mama yako tumempa binti wa dada yetu mdogo. Amelifyeka lote, na mvua zikija vizuri atapanda. Nilishuka bondeni kuliangalia, na kwa mara ya kwanza sikuona uchungu. Usiku nalala sasa. Kumbe kungoja ni kazi ya kubeba mzigo, na mimi sikujua nimebeba mpaka nilipoutua.

Umenifanyia jambo kubwa. Nilitaka ulijue.

Mjomba wako,
Pedro

*

Rahaleo
10 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo sijui niulize afya vipi. Tafadhali kaa chini kwanza. Kama mkaza mjomba yuko karibu, mwite akae nawe.

Jumanne alikuja mama mmoja Mmakua, amevuka kwa kibali kumtafuta mdogo wake. Doris akafungua menyu. Wilaya, sawa. Kambi, sawa. Akamuuliza, "Baba yake mdogo wako anaitwa nani?" Yule mama akasema, "Baba wa nini tena? Mimi na yeye ni wa mama Albertina." Doris akamwambia bila baba hatuwezi kuendelea. Yule mama hakubishana. Alijifunga kanga yake vizuri akatoka. Doris akanigeukia na utani wake, "Ilda, hivi watu wa kwenu mnazaliwaje?" Nikacheka. Nilicheka kabisa, Mjomba, halafu nikalikumbuka neno lako la baba mgeni.

Nikafungua daftari, nikaenda juu kabisa kwenye ile amri yangu fupi, ile ya kuondoa mistari isiyo na baba. Nikaifuta. Nikaliita jedwali upya kama lilivyotoka kambini.

Walikuwa wengi. Wengi wao wanawake, na karibu wote wa kwetu, Wamakonde na Wamakua wa pande zote mbili za mto. Waandishi hawakuwa na haraka. Waliuliza baba, wakajibiwa mama, wakaliandika jina la mama kwenye maelezo pembeni na kuiacha sehemu ya baba wazi. Na mimi niliwafuta wote kabla menyu ya kwanza haijafunguka. Hata nilipopita nyuma ya menyu kutafuta neno Telma, nilikuwa natafuta kwenye kile nilichokwisha kukipunguza mwenyewe.

Mama alikuwa humo. Telma, mama yake Ilda, kaka yake Pedro wa Kitaya. Ameandikishwa Novemba 2022, kabla sijaajiriwa. Pembeni mwandishi ameandika: "Ana binti upande wa Tanzania. Anasubiri kaka yake aje."

Uliniambia. Uliniandikia kwa kucheka, na mimi nikakujibu kwa kucheka. Mimi, Mjomba, ninayeitwa Ilda Pedro tangu darasa la kwanza, kwa sababu mwalimu alipouliza baba wa huyu yuko wapi ulisimama wewe. Ningetafutwa mimi kwa baba aliyenizaa kwenye menyu yangu mwenyewe, nisingeonekana.

Simu ya msimamizi wa kambi ile haipatikani. Nimeomba kibali cha kuvuka, lakini kitachukua muda. Mkweo Ivo anavuka na samaki wake wakavu na njia anaijua. Nakuomba umtume. Nakuomba umtume hata kesho.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
2 Aprili 2024

Ilda,

Barua yako nimeisoma. Ivo amekwenda na amerudi.

Hema lake lipo, wamo watu wengine. Jirani yake, mwanamke mwenye umri wa kunizidi, ndiye aliyemweleza Ivo. Anasema Telma alikuwa mtu wa kukaa pale penye mti wa geti, anamwuliza kila anayetoka upande wetu, mnatoka Kitaya? Karibu na Krismasi akaja kijana wa kutoka huku, anauza nyanya. Alipomwona alitupa tenga akakimbia. Wakamkamata wakamrudisha, akasema, "Mama huyu tumemlilia. Misa imesomwa, pilau nimekula mwenyewe." Telma akamwuliza nani aliyetoa ruhusa. Akasema, "Kaka yako Pedro." Akamwuliza shamba. Akamwambia lina mtu.

Jirani anasema alicheka kwanza. Kisha akaokota nyanya za yule kijana moja moja, akamrudishia. Mwezi uliofuata akapanda lori na watu wanaokwenda mji wa Nampula, kusini zaidi. Jirani alipomwuliza kwa nini asivuke mto aende akawaoneshe kwamba yu hai, akajibu, "Niende nikawatishe? Wameshamaliza."

Hiyo ndiyo habari. Ivo ameacha namba ya simu kwa yule jirani.

Nimeambiwa nisikuandikie nikiwa na hasira, lakini nikisubiri iishe hutapata barua. Ruhusa niliitoa mimi, hilo sikusukumizii wewe. Nilisimama mbele ya watu nikamzika dada yangu akiwa amekaa getini ananisubiri. Lakini nilisimama juu ya neno lako. Ungeniambia, Mjomba, kuna watu nimewaondoa ili mashine isigome, ningekuuliza watu gani. Hukuona hata haja ya kuniambia kama jambo. Uliniandikia kama mtu anayesimulia alivyofagia.

Usije kwa sasa.

Pedro

*

Rahaleo
21 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nawaombea afya wewe na mkaza mjomba. Sitajitetea. Yote uliyoandika ni kweli, na hilo la kufagia nimelisoma mara nyingi mno.

Naandika kwa sababu kuna mambo unapaswa kuyajua, hata kama hutajibu.

Nimezivunja menyu zote nikazijenga upya. Sasa ya kwanza inauliza huyu mtu anajulikana kwa nani: kwa mama, kwa mjomba, kwa baba, kwa mume, au haikuandikwa. Ngazi zinazofuata zinafunguka kulingana na jibu hilo. Na kila ngazi ina sehemu ya wasioandikwa, ili aliyeachwa wazi awe na mahali pa kukaa. Hakuna anayeondolewa. Menyu ikigoma, igome, nitakesha nayo.

Yule mama Mmakua, Doris alimtafuta mji mzima hadi akamkuta kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, anafunga mzigo kurudi kwao. Tulimleta. Tukachagua kwa mama, tukachagua Albertina, na mdogo wake akatokea pale kwenye menyu ya mwisho, jina lake peke yake. Walizungumza kwa simu siku ileile. Tangu hapo tumepata wengine, kila wiki tunapata. Bwana Gideoni alinipongeza mbele ya ofisi nzima, watu wakapiga makofi, nikatoka nje makofi hayajaisha. Nilimwambia baadaye ukweli wote, kwamba mwaka mzima tuliwaambia watu ndugu zenu hawapo na walikuwapo. Akasema tuwaite wote walioondoka bila jibu. Tunawapigia sasa. Wengine wameshaweka matanga kama sisi. Mmoja alinikatia simu.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Imo mkobani. Nilitaka kukuuliza wewe kwanza, kama ninavyokuuliza kila kitu.

Naomba tu uniambie kama kuna neno kutoka Nampula.

Mpwa wako,
Ilda

*

Rahaleo
30 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Amiri anasema barua yangu ya Aprili alikukabidhi mkononi, ukaiweka mfukoni. Anasema mguu umeanza tena kukusumbua. Nimetuma dawa ya kuchua, iko kwenye mfuko huu.

Sina jipya. Bado naenda kazini. Ile barua bado imo mkobani.

Ukiwa hutaki kuniandikia, mwambie mkaza mjomba aniandikie mstari mmoja tu kwamba mko wazima.

Mpwa wako,
Ilda

*

Kitaya
25 Agosti 2024

Mama,

Marahaba, ya barua zote nilizokaa nazo. Milele amina. Tuko wazima. Dawa ya mguu inanuka vibaya lakini inasaidia.

Nimenyamaza kwa aibu zaidi ya hasira. Hasira iliniisha mwezi wa tano hivi. Ila kila nikishika kalamu nawaza, nitamwandikia nini mtoto ambaye mama yake nimemzika mzima? Wewe uliondoa mistari, mimi niliwapa watu ruhusa ya kula pilau. Mke wangu amenisema hadi nikawa sina pa kukaa katika nyumba hii. Anasema kama ningekuwa nimevuka mara moja tu kwa miguu yangu kwenda kuuliza kambini, badala ya kungoja kompyuta, ningemkuta pale getini. Ni kweli. Mguu haukuwa mbaya hivyo.

Telma amepiga simu. Jumatano iliyopita, kwa simu ya Ivo. Yule jirani alimtumia namba na ilimchukua miezi kuamua.

Sauti ni ileile. Nilipoisikia nilikaa chini palepale sokoni, katikati ya samaki. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "Kaka, usinipigie magoti kwenye simu, sioni." Nikamweleza ilivyokuwa, menyu na baba na mistari iliyoondolewa, kwa kadiri ninavyoielewa. Sijui kama ameelewa. Alisema tu, "Kwa hiyo waliniuliza baba, nikasema ukweli, nikafutwa." Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia shamba lake litarudi. Akakataa, akasema binti ameshalilima, aendelee kuvuna. Anauza maandazi huko Nampula, ana chumba, ana watu anaosali nao. Nilimwomba arudi. Hakusema hapana. Alisema, "Nimelia nikamaliza. Ninyi pia mlilia mkamaliza. Sasa tuanzie wapi?"

Halafu akauliza, "Na Ilda?"

Nikasema mzima, yuko Mtwara, ana kazi. Akauliza, "Kazi gani?"

Mama, sikutaka kumdanganya. Ningeweza kusema kompyuta, yakaisha. Nikamwambia, "Anatafuta watu waliopotea." Nikadhani simu imekatika, nikaanza kuita Telma, Telma, watu wa sokoni wananitazama.

Akasema, "Nipo, kaka. Mwambie nipo. Ila asije, bado sijaweza."

Ndivyo alivyosema, nami nimekuandikia bila kuongeza wala kupunguza. Namba yake hakuniachia, alisema atapiga yeye. Ile barua ya kuacha kazi ichane.

Mjomba wako,
Pedro